Bado Ni Muswada

Mama yangu alifungwa kwa sababu ya dawa ya kuku. Nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani ninatania, na mimi huwaacha wacheke mpaka wachoke. Halafu nawaeleza, na sijapata kumwona aliyecheka tena baada ya hapo.

Kule kwetu, kwenye vijiji vya barabara ya Njombe kabla hujafika Madaba, kideri kilikuwa kinafyeka kuku kila mwaka. Unalala una banda limejaa, unaamka na majogoo mawili yaliyopinda shingo. Dawa ya dukani hatukuijua, na bwana mifugo alikuwa mtu wa kumwona siku za wageni wakubwa tu. Kwa hiyo kina mama walipanda miche michache ya bangi nyuma ya jiko, karibu na shimo la majivu. Walichuma majani, wakayaponda pamoja na pilipili, wakachanganya na pumba. Kuku walikula, wengine walipona, wengine walikufa vilevile. Kama ilikuwa dawa kweli mimi sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeona pana jambo la kuficha. Tuliuita mti ule dawa ya kuku, na ukitumwa kwa jirani kuomba dawa ya kuku ulichumiwa mbele ya wageni, mchana kweupe.

Mama alikuwa na miche minne. Mbegu aliletewa na mjomba, mdogo wake, mwaka ambao kuku wake walikwisha wote. Mjomba mwenyewe alikuwa na miche mingi kuliko mama, maana mke wake alikuwa mfugaji hasa. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu mahakamani halikutajwa.

Walikuwa wawili tu, mama na mjomba. Wazazi wao walifariki mapema, na mama alimlea mdogo wake mgongoni, akamwachia yeye shule na mwenyewe akashika jembe. Mjomba alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji mama alitembea kifua mbele mwezi mzima. Ukimwuliza habari za nyumbani anakujibu, "Sisi hatujambo, mdogo wangu sasa ni serikali." Tulimtania kwamba atatutoza kodi ya kumsalimia. Alicheka, lakini hakuona kama ni utani sana.

Mimi niliishi Mfaranyaki, mjini Songea, nikishona sare za shule na kupunguza nguo za mitumba kwenye baraza la duka la mtu. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na uvumba wa mbu peke yake yakajaa sabuni za kila rangi, na malori ya wafanyabiashara binafsi yakawa yanafuata mahindi hadi mlangoni kwa mkulima. Kila kitu kilifunguliwa. Ilisemekana malori hayohayo yalikuwa yanaficha magunia ya bangi chini ya mahindi, na kwamba vijana wa mijini wanaharibika. Ndiyo maana, tuliambiwa, serikali inaandaa sheria mpya ya adhabu.

Nilikuwepo kijijini siku bwana sheria alipokuja kuchukua maoni, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kumsaidia mama kupukuchua mahindi. Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Bwana sheria alikuwa mtu mpole, amevaa suti ya Kaunda iliyonyooshwa vizuri mno kwa safari ile ya vumbi, na alisema nasi kwa adabu kabisa. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa, lakini wakati ule sikuwa nimejua.

"Zamani hakimu alikuwa anaangalia sura ya mtu," alieleza. "Huyu mzee, huyu mgonjwa, huyu ni kosa lake la kwanza. Anampiga faini, mtu anakwenda nyumbani, kesho anarudia. Muswada huu unaondoa faini. Mwenye hatia ni kifungo, na kifungo chenyewe kina kima cha chini. Hakimu hatakuwa na ruhusa ya kushuka hapo, hata akitaka."

Tulipiga makofi. Mwaka ule majambazi walikuwa wameteka basi, kila mtu alikuwa na hasira, na ukiwa na hasira adhabu kali husikika tamu.

"Lakini bado ni muswada," aliongeza, huku akiinua mikono kututuliza. "Haujawa sheria. Ndiyo maana tumekuja kwenu. Semeni bila woga. Hakuna atakayeshikwa kwa maoni yake."

Mama akanyoosha mkono. Nilimvuta kitenge, maana namjua, akisimama haketi upesi. Akanipiga kofi mkononi akasimama.

"Mimi nina swali, baba. Nina miche minne nyuma ya jiko langu. Siivuti, siiuzi, ni ya kuku, na hapa hakuna asiyeijua. Sasa huyo hakimu wako, mnayemkataza kuangalia sura ya mtu, atazitofautishaje bangi za kuku wangu na magunia ya kwenye malori?"

Uwanja mzima ulicheka. Nimelifikiria swali lile miaka mingi, na kila nikilifikiria naona kwamba kati ya wote waliosema siku ile, na nadhani hata kule Bungeni, hakuna aliyeuliza jambo zito kuliko hilo. Bwana sheria naye alicheka, kicheko cha upole uleule.

"Mama, swali lako zuri sana, nitalifikisha," alisema. "Lakini ondoa wasiwasi. Sheria hii inatafuta mapapa. Dagaa haiwahusu. Wewe endelea na kuku wako."

Mjomba, aliyekuwa ameketi meza kuu, akasimama na kusema dada yake amewasemea kina mama wote wa kitongoji. Watu wakapiga makofi tena. Mama akaketi, akajifunga kitenge upya, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeona? Mtu akiwa na jambo, alitoe."

Hapo ndipo ninapotaka nieleweke. Kwetu, jambo lililosemwa mbele ya watu lilihesabiwa limekwisha. Mtu aliyeiba mahindi ya jirani, akisimama mbele ya wazee akasema nimekosa, alitozwa kuku au debe la ulanzi, na ulanzi wenyewe aliunywa pamoja na yule aliyemkosea. Aliyekana ndiye aliyekiona cha moto. Mama alikulia humo na kuzeekea humo. Kwake kusema ukweli hadharani kulikuwa kinga, tena kinga kubwa kuliko wakili. Hakujua kwamba serikali nayo ina masikio, na kwamba haiwezi kunywa ulanzi na mtu ikasahau.

Kuanzia siku ile mama hakuiwazia tena ile miche. Aliona ameshapewa ruhusa mbele ya mashahidi.

Miezi ikapita, mvua zikaja, redio ikasema mara Bunge limeanza, mara limeahirishwa. Mimi na cherehani yangu hatukufuatilia. Halafu mjomba akaja mjini kwenye semina ya wenyeviti, akalala kwangu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilichinja jogoo, nikampikia kwa nazi niliyoifuata sokoni, nikamwekea firigisi juu kabisa ya bakuli, kama anavyoheshimiwa mwanamume mkubwa wa ukoo. Baba yangu alikuwa amefariki siku nyingi, na mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wangu.

Tulipokuwa tunakula nikamwuliza, "Mjomba, na ile sheria ya yule bwana mpole imefikia wapi? Maana mama na miche yake."

Alitafuna firigisi akaimaliza. Aliniangalia usoni kabisa, sitamsingizia kwamba aliinamisha macho.

"Bado wanazungushana huko Dodoma," alisema. "Ni muswada tu, mwanangu. Mambo ya Bunge hayaendi kama cherehani."

Akaniomba ugali wa kuongeza. Nikampa, tena nikamwongezea mchuzi bila kuombwa. Kesho yake alimaliza semina, akapanda basi la jioni kurudi kijijini, na mimi nikamfungia maandazi ya kumpelekea dada yake.

Siku chache baadaye, alasiri, kondakta wa basi la Njombe alisimama mbele ya cherehani yangu. Nilidhani ameleta salamu au suruali.

"Dada," alisema, "mama yako yuko polisi. Kaletwa na gari lao asubuhi, yeye na majani yake."

Nilikiacha kitambaa chini ya sindano nikakimbia hivyohivyo, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni.

Nilimkuta kwenye benchi la mapokezi, miguu yake ina udongo mpaka magotini, maana walimkuta shambani. Kilichomuudhi zaidi ni hiyo miguu. "Hawakuniacha hata ninawe," alininong'oneza, "nimeingia ofisi ya watu hivi." Miche yake minne ilikuwa imewekwa sakafuni karibu na kaunta, imenyauka, na kibandiko cha karatasi juu yake. Mjomba alikuwepo tayari, amesimama dirishani na kofia mkononi.

Alinivuta nje. Alinieleza kwamba askari walikuja wenyewe, wakijua pa kwenda. "Dada alijitaja mkutanoni, unakumbuka. Mimi kama mwenyekiti nimelazimika tu kuwaongoza. Ningekataa ningeonekana nazuia kazi." Na mimi nilimwonea huruma.

Nilimwambia nitatafuta mtu anayejua sheria. Nyuma ya lile duka nililoshonea barazani alipanga chumba karani mmoja wa mahakama, mtu asiyependa maneno mengi, na nilikuwa namshonea. Nilitaka nimwulize tu.

"Usifanye hivyo," mjomba alisema haraka. "Ukianza kutafutatafuta watu tutaonekana tuna la kuficha. Akikana kesi itakuwa ndefu, wataita mashahidi kijiji kizima, naye atakaa mahabusu na baridi hii. Akikiri ni faini, jioni yuko nyumbani. Ile sheria nyingine bado. Si nimetoka semina juzi?"

Akatoa leso mfukoni, akanionyesha. Alikuwa amezunguka kwa ndugu kabla ya kuja mjini, amechanga fedha ya faini. Nililia nilipoiona ile leso. Nilijiambia, kweli damu nzito kuliko maji.

Tulirudi ndani, akamweleza mama maneno yaleyale. Mama wala hakuhitaji kushawishiwa.

"Na mimi nitakanaje kitu nilichokisema mbele ya kijiji kizima?" alisema. "Mtanifanya mwongo uzeeni. Mdogo wangu ndiye aliyesoma, ndiye aliyekwenda semina. Akisema nikiri, nakiri."

Alipelekwa mahakama ya wilaya. Tuliketi benchi la nyuma, mimi na mjomba bega kwa bega. Mama alisimama kizimbani akiwa ameshanawa miguu, na kitenge chake cha wanawake wa kanisani, akamwamkia hakimu kwa heshima zote ingawa hakimu alikuwa kijana wa kumzaa. Karani akasoma shtaka, akamwuliza kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli, baba. Ni yangu. Ya kuku."

Hakimu aliinua kichwa. Alimwuliza tena, polepole, kama ameelewa anachoshtakiwa. Sasa naona kwamba alikuwa anamwachia mlango wazi. Nilipaswa kuelewa kwa namna alivyorudia mara ya tatu, lakini nani aliyenifundisha lugha ya mahakimu? Mama aliona ni kijana anayemheshimu mtu mzima kwa kumwuliza vizuri, naye akajibu vizuri zaidi kila mara. Ni kweli. Ni kweli kabisa. Tena nilishasema mkutanoni.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, na ndani yake likawemo hilo la mkutano: kwamba mshtakiwa alikiri kwa kinywa chake mbele ya hadhara kumiliki miche hiyo. Yale maoni tuliyoombwa tuyatoe bila woga yalikuwa yamegeuka ushahidi. Wakamwuliza mama kama ana lolote la kusema ili mahakama imfikirie kwenye adhabu. Akasema ni mjane, ni mtu mzima, hajawahi kufika polisi, na kuku wake wana vifaranga.

Hakimu aliweka kalamu chini. Kisha akasema, na alisema kwa Kiswahili chepesi, si kile cha kwenye vitabu vyao:

"Mama, ungekuja hapa mwaka jana ningekutoza faini kidogo na kukuonya. Ile sheria mpya imeshapita na imeshaanza kutumika. Imenifunga mikono. Faini haipo tena. Kima cha chini ni miaka mitano, na mimi siwezi kushuka chini ya hapo."

Mjomba alisimama na leso yake. "Mheshimiwa, faini tunayo!" Askari akamwambia aketi. Watu wakanong'ona, wengine wakamsikitikia kwa sauti. Mama aliangalia ile leso, akaangalia askari wa kike aliyemshika mkono, akamwuliza kwa adabu, "Sasa nalipia wapi, mwanangu?"

Askari yule alimwongoza nje kwa mlango wa pembeni.

Mjomba alianguka kwenye ngazi za mahakama akalia mpaka watu wasiotujua wakaja kumpa pole. Mimi ndiye niliyemwinua. Nilimpeleka kwangu, nikampikia uji, nikamkalia kitako nikimbembeleza kama mfiwa. "Nimemwua dada yangu," alirudia, "nimemwua kwa mdomo wangu," na mimi nikamjibu, "Hukujua, mjomba, nani angejua?" Hasira yangu yote niliipeleka kwa yule mpole wa suti ya Kaunda na mapapa yake. Na hata leo hasira hiyo sijaiondoa. Walisema sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Basi msumeno huo ulipofika kwetu haukumkuta papa hata mmoja. Malori yaliendelea kupita na mahindi yake, na chini ya mahindi anajua Mungu.

Niseme mapema ili msomaji asisubiri: mama hakufia gerezani. Alitolewa kabla ya muda kwa msamaha wa wafungwa wazee, akaishi miaka mizuri, akafa kitandani kwake. Ninachosimulia si kifo chake.

Mwaka wa kwanza wa kifungo nilikuwa naenda kijijini kila nilipopata nafasi, kuangalia nyumba isibomoke. Kuku wa mama walikuwa wanatunzwa na mke wa mjomba. Siku moja baada ya mavuno tulikuwa uani kwake tunachambua maharage, mimi na yeye, mjomba akiwa kwenye kikao. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na nilimzoea hivyo. Nikawa nasema ovyo, kujaza ukimya, kwamba mjomba amekonda, kwamba ajisamehe, maana hakujua kama sheria imepita.

Aliacha kuchambua. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu," alisema, "siwezi kuendelea kula chumvi yako na neno hili tumboni. Siku aliyorudi semina, mjomba wako hakuketi hata kunywa maji. Alichukua jembe akang'oa ya kwetu yote, na mizizi yake, akachoma, akalima juu, akapanda matembele. Nikamwuliza kuna nini. Akasema sheria imepita, hakuna faini tena, na wenyeviti wameambiwa kila kitongoji kitoe mtu, lazima watu waone sheria imeanza."

Nilimsikia vizuri, lakini mikono yangu iliendelea na maharage.

"Nikamwambia, basi kimbia kwa dada, mwambie ang'oe. Kwa dada ni hapo tu, ng'ambo ya korongo. Akaendelea kulima. Nikamwambia tena. Akasema, 'Sote tukisafisha, watakuja kukagua mpaka wampate mtu, na wa kwanza kuulizwa ni mimi. Dada ameshajitaja mwenyewe. Yule ni mtu mzima, watamwonea huruma.'"

"Na wewe?" nikamwuliza. "Wewe miguu yako ilikatika?"

"Ni mume wangu," alisema. "Ningekwenda, angefungwa yeye. Nichague nani?" Akaanza kulia, na sikumbembeleza. Nilikuwa nimeshabembeleza vya kutosha katika ukoo ule.

Nilirudi Mfaranyaki na basi la jioni, na njiani kila kitu kilijipanga chenyewe. Firigisi ile aliitafuna akijua. Alikuwa amesikia kila neno semina mchana ule, akaja kuniangalia usoni akaniambia Dodoma wanazungushana. Aliondoka na maandazi ya dada yake mkononi, na hata kama aliyafikisha, alipita pembeni mwa jiko lenye miche minne akanyamaza. Alikwenda kuchanga fedha ya faini kwa ndugu, nyumba kwa nyumba, akijua faini haipo. Na kumkataza mama kukana, na kunikataza mimi nisimwulize yule karani, kulikuwa kwa faida yake: kesi ikiisha kwa neno moja la ni kweli, hakuna shahidi atakayeitwa, wala hakuna atakayeuliza mbegu zilitoka wapi. Alichukua ule ukweli wa mama, ule alioufundishwa tangu utoto, akautumia kama mtu anavyotumia jembe. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia tangu darasa la pili na sikuwahi kudhani nguo yenyewe ni ya mama yangu.

Nilimchukia. Sisemi nilihuzunika au niliumia, ingawa hayo nayo yalikuwepo. Nilimchukia mjomba wangu kwa moyo wote, na niliona raha kumchukia baada ya mwaka mzima wa kumpikia uji.

Nikaamua nimwambie mama. Niliona ni haki yake ajue aliyemfunga. Tena nilitaka aniruhusu. Akisema neno moja tu la laana, ningekwenda kusimama kwenye uwanja uleule wa shule nikamvua mjomba nguo mbele ya kijiji, kisha polisi, kisha kanisani. Nilipanga maneno yangu njia nzima mpaka lango la gereza.

Walimleta. Alikuwa amenyolewa, sare imempwaya, lakini uso wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Askari wa kike alisimama karibu, ametugeuzia mgongo kwa hisani. Kabla sijafungua mdomo mama aliuliza, kama alivyouliza kila nilipokwenda:

"Mdogo wangu hajambo?"

"Yupo," nikasema.

"Usimwache peke yake na huzuni. Namjua, atakuwa anajilaumu." Alisogea karibu. "Unajua, humu ndani wengi hawalali. Huyu katajwa na mumewe, yule na jirani yake, mwingine na mtoto aliyemzaa. Wanalia usiku kucha kwa uchungu wa aliyewataja. Mimi nawaambia, jamani, mimi nimefungwa na sheria tu. Sikufungwa na mtu. Ndiyo maana mwenzenu napata usingizi." Akacheka kidogo, kisha akanitazama, na sijui aliona nini usoni pangu, maana kicheko kilikwisha na sauti ikashuka. "Hakujua, sivyo? Sheria yenyewe mpya. Angejuaje?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Askari aligeuka, akatuonyesha kwa mkono kwamba muda umekwisha.

"Hakujua, mama," nikasema.

Alishusha pumzi. Akanipa salamu: nimwambie mdogo wake kwamba dada hana kinyongo, maana anajua hakujua. Nilizipeleka. Nilikwenda hadi kijijini, nikamkuta ameketi uani na mkewe, nikasimama mbele yake nikamfikishia neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Mkewe aliinuka akaingia ndani.

"Mwambie shikamoo," mjomba alisema.

Nikamwambia shikamoo hiyo aipeleke mwenyewe. Hakuipeleka.